Mbwa Wawili Mbele ya Mudiri

Vijana wanaokaa barazani kwa jirani yangu wamebishana wiki nzima juu ya mbwa. Mmoja ametoka safari na habari kwamba nchi nyengine zina sheria ya kuzitaja aina za mbwa walio hatari, na mbwa wa aina hiyo hafugwi, na akifugwa huchukuliwa akauawa. Anataka na sisi tufanye hivyo. Mwenzake anasema mbwa hana kosa, kosa la aliyemlea. Jana wakaniona napita.

"Mzee, shikamoo. Hebu tuamulie."

"Marahaba. Niwaamulie nini? Mmoja wenu ameshawahi kufuga mbwa?"

Wakacheka. Hapana hata mmoja.

Elimu yangu ni juzuu kumi za Msahafu nilizosoma chuoni na darasa la pili la skuli. Nyumba ninayokaa ya mawe na mbao za msaji nimeinunua kwa chokaa niliyoichoma kwa mikono hii, sikurithi hata msumari. Kwa hiyo mambo ninayoyajua ni machache na nimeyapata kwa taabu. Hili la mbwa ni mojawapo. Mbwa wawili walinifunza, na mmoja wao nilimpeleka kwa kamba mimi mwenyewe kwenda kupigwa risasi. Sikutaka kuyasema barazani kwa watu wanaocheka. Nayaandika.

Kwetu ni kusini ya Unguja, maweni, ardhi ambayo ukiipiga jembe inalia. Muhogo hupandwa kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, na nguruwe mwitu anavijua vishimo hivyo kuliko mwenye konde. Akiingia leo, kesho unakuta umebakiwa na miti mitupu na ardhi imefukuliwa kama kaburi. Ndiyo sababu watu wa kwetu, Waislamu wasiokosa sala, walifuga mbwa. Watu wa mjini walituita watu wa mbwa. Tuliwaacha. Muhogo waliokula wao na samaki wao ulikuwa umelindwa na mbwa wetu.

Lakini kufuga mbwa kwetu kulikuwa na adabu yake. Mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa, waosha mara saba, moja kwa udongo. Basi mbwa alifunzwa tangu kitoto asiufikie mwili wa mtu. Chakula alitupiwa. Akikaribia kuliko urefu wa fimbo, fimbo ilimkumbusha. Hapakuwa na mtu wa kumpapasa mbwa kichwa wala wa kumwita kwa sauti ya mapenzi. Na mbwa wetu walikua hivyo hivyo, wakali wa porini, na kijijini wanapita pembeni pembeni kama wadeni.

Mkuu wa wasasi, wawindaji wetu wa nguruwe, alikuwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Mtu mfupi, kimya, kovu la meno ya nguruwe kwenye muundi. Hakujua kusoma lakini alishika masharti ya mbwa wa kuwindia kama walivyoyasema masheikh, na alituimbisha: akitumwa aende, akikatazwa aache, akikamata asile.

"Asiyejua matatu hayo ni koko," akisema, "hata babaake awe nani."

Mimi katika miaka ile ya hamsini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilikuwa na jike jekundu. Nilimfunza mwenyewe. Najisifu na sioni haya: kusini nzima hapakuwa na mbwa kama yule. Alikuwa mdogo, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatwa na nguruwe. Akitangulia yeye, mbwa kumi wa wenzangu wanamfuata. Nikimwambia "Kaa!" hukaa, hata nguruwe apite puani pake. Ami yangu, ambaye sifa kwake zilikuwa kama meno, hazing'oki ila kwa maumivu, alisema siku moja mbele ya watu, "Huyu ana akili kuliko mwenyewe." Nilifurahi mwezi mzima.

Sasa mbwa wa pili.

Baina ya msimu na msimu nilikuwa nakwenda kufanya kazi ya bustani kwa Mzungu mmoja huko Mbweni, mhandisi wa barabara. Alikuwa na dume kubwa la kwao, mgongo mweusi, tumbo la rangi ya mchanga, masikio yamesimama, meno yake ukiyaona unakumbuka madhambi yako. Muda wa Mzungu ukaisha, ikawa arudi kwao. Akaniita bustanini akanambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kuwa mbwa hawezi kumchukua, na mtu wa kumwachia hana. Ama nimchukue mimi, ama asubuhi atampiga risasi. Mkewe alikuwa dirishani analia.

Nikasema nitamchukua. Leo ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuwapo, kidogo. Zaidi niliwaona wasasi wenzangu wakinitazama naingia kijijini na mnyama kama yule. Nilijiambia, ikiwa jike langu dogo linafanya vile, hili jitu litafanya nini?

Gari za abiria zilinikataa. Dereva wa lori la kuni alitazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, "Weye panda. Huyo mwenzio mwambie asubiri la kesho." Nikatembea siku mbili.

Mimi nilimpokea mbwa ambaye amekuzwa kinyume na mbwa wetu wote. Huyu alilelewa kwa mkono. Alilishwa kwa mkono, akapapaswa kwa mkono, akaoshwa kwa sabuni kama mtoto. Kwake yeye, kumwona mtu ni kumwendea na kutia pua yake mbichi kiganjani mwake, ndiyo shikamoo yake. Nilichotakiwa kukifanya, toka siku ya kwanza, ni kumfunza upya. Nilikijua. Nilimfunza jike jekundu kwa mwaka mzima, jua na mvua. Lakini huyu nilimwona keshakuwa mkubwa, mbwa wa Kizungu, ana akili zake. Nikawa natembea naye tu barabarani, kifua mbele, watu wananipisha.

Walikuwa wananipisha kweli. Alipowaendea kuwaamkia, walikimbia. Na mbwa ukimkimbia anadhani ni mchezo. Wanawake waliokuwa wakirudi kisimani waliangusha ndoo. Mtu mzima mmoja alipanda juu ya ukuta wa konde akakaa huko mpaka nilipokuja. Nikacheka. Nikamwambia, "Shuka bwana, hana neno huyu, anataka mkono wako tu."

"Mkono wangu nautaka mwenyewe!"

Kisha ikaja siku ya Ijumaa. Muadhini wetu, mzee wa watu, mcheshi, mwembamba kama ufito, alikuwa ametia udhu anakwenda msikitini. Mbwa akamjia kwa nyuma bila ya kishindo akamlamba mkono. Mzee akaruka, akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye jiwe, akaanguka juu ya kifundo cha mkono, kikavunjika. Hakuadhini siku ile. Kijiji kiliitwa Ijumaa kwa sauti ya mtu mwengine, na aliyeikosa sauti ya mzee alijua sababu ni mimi.

Wiki haikwisha, barua ikapelekwa kwa mudiri, ndiye aliyekuwa mkubwa wa serikali kwa upande wetu. Watu waliomba serikali ipige marufuku katika wilaya nzima mbwa wa aina ya Kizungu, mwenye mgongo mweusi na masikio ya kusimama, kwa kuwa ni aina ya hatari kwa maisha na kwa dini. Mudiri akajibu kuwa atakuja mwenyewe na askari wake, na mbwa wote wa kijiji walioko waletwe.

Siku moja kabla, baada ya alasiri, ami yangu akaja kwangu. Hakuja kukaa.

"Kesho mwache mbwa wako aende," akasema. "Usibishane."

"Ami, hajauma mtu."

"Najua hajauma." Akalitazama jike jekundu, limelala mbali chini ya kivuli cha ukuta. "Ndiyo nakwambia usibishane. Mudiri akianza kuuliza nani kauma na nani hajauma, tutafika pasipokuwa pazuri."

Nilielewa. Mwaka uliotangulia, jike jekundu lilikuwa na watoto wachanga nyuma ya nyumba yangu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, wa miaka sita, akaenda akanyoosha mkono achukue kimoja. Jike likamuuma paja. Si kumparura, lilimuuma, likamng'ang'ania, mpaka nilipofika na fimbo. Na sheria ilikuwapo tayari: mbwa aliyeuma mtu huuawa. Ilikuwa mwanzo wa msimu wa muhogo. Ami akakusanya wasasi, tukazungumza kwa muda usiozidi wa kunywa kahawa, tukamwambia dada aseme mtoto ameanguka kwenye mawe. Kwetu mawe ni mengi, hapana ambaye hajakatwa. Dada yangu ni mjane, konde lake lililindwa na mbwa wetu. Akatazama chini, akakubali. Kwenye spitali ndogo ya wilaya likaandikwa jiwe.

Na mimi nilikuwamo katika watu wale. Mbwa wangu, dada yangu.

Kesho yake tukakusanyika mbele ya skuli, wanaume upande huu, wanawake kule kwenye uzio wa makuti, mbwa wamefungwa mmoja mmoja kwenye miti ya ua. Mudiri alikuwa mtu mzima wa Kiarabu, kanzu safi, kifua kinambana, kila baada ya maneno matano anakohoa. Mwavuli alimpa askari aushike. Akasoma barua kwa sauti, akaishusha.

"Mmeandika, masikio ya kusimama." Akauelekeza mkono kwa mbwa wetu. "Na hawa? Ya hawa yamelala?"

Watu wakacheka. Mbwa wetu wote masikio yamesimama kama vibanzi.

"Basi mgongo mweusi," akasema mmoja wa walioandika barua.

"Yule pale wa mwisho mgongo wake rangi gani?"

"Mweusi, bwana mudiri. Lakini yule ni wa hapa."

"Kwa hiyo hatari ni mgongo au ni kwao?"

Akamwita muadhini, aliyekuwa amefungwa mkono kwa kitambaa shingoni.

"Mzee, mbwa huyu kakuuma?"

"Hakuniuma, bwana. Nisimsingizie mnyama. Kanilamba."

"Basi umevunjika kwa kulambwa?"

"Nimevunjika kwa woga wangu. Lakini bwana mudiri, angeniuma ningekasirika mara moja. Kanilamba, nikaosha mara saba na mkono umevunjika. Hasira yangu ni mara saba."

Hata askari alicheka. Mimi nikaona mambo yananiendea vizuri, na hapo ulimi ukanitoka. Ami alinitazama, nikasimama.

"Bwana mudiri, mbwa hahukumiwi kwa ngozi," nikasema. "Sisi wasasi tuna kipimo chetu, nacho kimetoka kwenye dini. Akitumwa aende, akikatazwa aache, akikamata asile. Anayejua hayo ni mbwa, asiyejua ni hatari, awe wa Makunduchi, awe wa Ulaya."

Mudiri akanitazama. Alikuwa msomi, masharti yale aliyajua kwenye vitabu vyake.

"Umesema kweli," akasema. "Nami nakipokea kipimo chako. Tusiandike aina. Kila mbwa atapimwa hapa hapa. Atakayefuzu atarudi nyumbani. Atakayeshindwa, askari yupo."

Nilisimama pale, kipimo changu kimekubaliwa mbele ya kijiji kizima, nikageuka kuitazama miti ya ua walikofungwa mbwa. Maana nilikuwa nimeshakumbuka kwamba yule wa Mbweni sikumfunza hata moja kati ya matatu.

Kikaletwa kichwa cha mbuzi. Ami akakitupa mbali, kwenye nyasi. Mbwa mmoja mmoja akafunguliwa. Wengi walipita, wengine kwa kupigiwa kelele. Ikaja zamu ya jike jekundu. Nikalituma, likaenda kama mshale. Katikati ya njia nikasema "Kaa!" likakaa, vumbi likalipita. Nikasema "Lete," likaenda likakiokota kichwa cha mbuzi kwa ncha za meno, likaja likakiweka mbele yangu kwa urefu wa fimbo, halafu likarudi nyuma hatua mbili. Halikulamba hata damu. Mudiri mwenyewe alisema, "Mashaallah."

Kisha yule wa Mbweni. Nikamtuma. Akanitazama. Nikamtuma tena, kwa mkono, kwa sauti, akatikisa mkia. Halafu akaona watu wengi, kila mmoja ana mikono miwili, akafurahi. Akaanza mwanzo wa safu ya wanaume, anatia pua kwenye kila kiganja, na safu ikamwagika. Viatu vilibaki, vilemba vilianguka. Nikapiga ukelele "Kaa! Kaa!" kama ninayeita mvua. Alipokwisha kuwaamkia waliobaki, akapita kwenye kile kichwa cha mbuzi, akalala nacho, akakila mpaka taya zikalia.

Watu walicheka mpaka wakalia machozi. Mudiri hakucheka.

"Mwenye mbwa," akaniita. "Kipimo ni chako?"

"Changu, bwana."

"Kashindwa?"

"Kashindwa."

"Una la kusema?"

Askari alikuwa ameshaishusha bunduki begani. Yule mbwa alinyanyuka, uso umejaa furaha na mafuta, akaja akakaa kwenye mguu wangu. Alikuwa hajamuuma mtu katika maisha yake yote. Na pale kwenye mti, jike langu lilikuwa limekaa sawasawa, limefuzu.

Nikasema, "Yule jekundu kamuuma mpwa wangu."

Sitadai kuwa ulikuwa uadilifu. Nusu ilikuwa hasira ya kuchekwa. Nusu ilikuwa kwamba sikuweza kuiona bunduki ikimgeukia mbwa kwa kipimo kilichotoka kinywani mwangu. Lakini nilisema, na nilijua ninachokisema.

"Mtoto alianguka kwenye jiwe," ami yangu akasema, taratibu, bila ya kunitazama.

Mudiri akataka mtoto aletwe. Dada yangu akamtoa kwenye kundi la wanawake, akaipandisha kanga ya mtoto pajani kidogo tu, uso wa dada umegeukia ukuta. Mudiri akainama, akatazama, akakohoa.

"Jiwe lenye meno manne," akasema.

Akakaa kitini. Alikuwa na karatasi ya serikali gotini na kalamu mkononi, na alisema kama anayejisemea.

"Aliyeshindwa hajauma. Aliyefuzu kauma. Mlitaka niandike aina. Ningeandika aina, jike hili lingebaki na mtoto mwengine angeumwa. Kijana huyu akataka niandike mafunzo. Na mafunzo nayo nimeyaona." Akatikisa kichwa. "Aina haina shingo. Kamba hufungwa kwenye shingo ya mbwa, na ncha ya pili hushikwa na mtu. Mimi nitamwandika mtu."

Ndivyo alivyoandika. Kila mwenye mbwa awajibike kwa mbwa wake kwa jina lake, awe wa hapa au wa nje. Mbwa asiachiwe kijijini bila ya kamba. Atakayeuma auawe, na mwenyewe ndiye amlete. Yule wa Mbweni nikapewa miezi mitatu nimfunze kukaa mbali na watu. Akimgusa mtu tena njiani, naye basi. Na jike jekundu, leo.

Nikalichukua mimi. Sikumwachia askari. Tukaenda nyuma ya skuli, kwenye mawe, askari akarudi nyuma hatua anazozitaka yeye. Akaniuliza nilifunge kwenye mti. Nikamwambia hapana haja. Nikaiweka kamba chini, nikasema, "Kaa."

Likakaa. Bunduki iliponyanyuliwa lilinitazama mimi, linangoja neno la pili. Lilikaa kwa sababu nilikuwa nimelifunza kukaa.

Msimu ule nguruwe walitumaliza. Mbwa waliobaki walikuwa wanakwenda porini kama watu wasiokuwa na imamu, kila mmoja na sala yake. Ami hakusema nami. Tukipishana nampa shikamoo, ananijibu "marahaba" kwa sababu ya dini, basi. Konde lake lilifukuliwa, na la dada yangu, na langu. Baada ya mwezi wa pili akaja kwangu asubuhi na fimbo yake na kipande cha kamba ya usumba wa nazi.

"Yuko wapi hilo jitu lako?"

"Yupo, ami."

"Mlete. Weye hujui kumfunza mtu mzima."

Alimfunza miezi mitano. Sikupata kumwona mtu na subira kama ile. Mwezi wa kwanza tu, kabla ya muda wa mudiri kwisha, aliweza kumtoa tabia ya kutia pua mikononi mwa watu. Kumfanya msasi hakuweza. Mbwa yule akiona nguruwe alibweka tangu mbali kwa kishindo cha mzinga, nguruwe wanasikia mapema na kukimbilia konde la kijiji cha pili. Ami akachoka, akaamua afungwe usiku kucha baina ya makonde, abweke. Na hiyo ikatufaa. Alikufa kwa uzee. Muadhini, mkono umeshaunga, alikuwa akimpita kwa mbali na kumwambia, "Sabalkheri, bwana mkubwa, leo sitaki salamu yako."

Basi vijana wa barazani nawajibu hivi. Mnaotaka kuandika aina, mnataka uvivu. Mtaandika jina la mbwa kwenye karatasi halafu mtalala, na yule aliyeuma atakuwa amelala nje ya mlango wenu, mnamjua, mnampenda, anawalindia muhogo. Na mnaosema mbwa ni malezi tu, na nyinyi msijipe raha. Mbwa niliyemlea mimi kuliko wote ndiye aliyeuma. Alikuwa na watoto wachanga, na mtoto wa watu hakujua. Mafunzo hayakumzuia, wala kutofunzwa hakukumfanya yule mwengine kuwa muuaji. Kisichobadilika ni kwamba kila mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe huwa anajua. Nilijua mwaka mzima.

La dada yangu nimeliacha nyuma kwa sababu ndilo lililonishinda.

Siku ile ile, baada ya mudiri kuondoka, nilikwenda nyumbani kwake. Nilidhani atanishukuru. Nilikuta anapepeta mchele, hakunyanyua kichwa.

"Karibu, kaka."

"Nimeusema ukweli," nikamwambia. "Wa mtoto."

"Nshasikia. Kijiji kizima kimesikia." Akarusha ungo, akaudaka. "Alipoumwa mwanangu ulinyamaza. Leo mbwa wako alipotaka kufa, ukasema."

Mimi ni mtu wa maneno, watu wananijua. Nimebishana na mafundi, na mahakimu, na Wahindi wa chokaa, sikuwahi kukosa la kusema. Pale nilivua kofia, nikachutama mbele ya ungo wake.

Mpwa wangu alikuwa kizingitini, anatusikiliza. Mwaka mzima, kila aliyemuuliza lile kovu ni la nini, alijibu tulivyomfunza. Akanijia akaniangalia usoni.

"Mjomba," akasema, "sasa niseme nilianguka au niliumwa?"

Dada akausimamisha ungo.

"Sema uliumwa," nikamwambia. "Na wakikuuliza na mbwa wa nani, sema wa mjomba wangu."